Unafungua Breki za Beetle ya Babu? Kabla Hujapuliza Lile Vumbi, Pitia Hapa

Wadau, kuna dogo mtaani kwetu kaachiwa Volkswagen Beetle na babu yake, ya 1966. Gari limekaa uani miaka kibao, linaota majani. Jumamosi akaamua kulifufua, akaanza na breki za nyuma. Mimi na magari ya zamani mnanijua, nikaenda kumpa kampani.

Shughuli yenyewe ni nati ya katikati ya gurudumu. Namba 36, na imekazwa haswa. Unaifungua gari likiwa bado chini, limetiwa gia, matairi ya mbele yamewekewa mawe, spana imeongezewa bomba refu. Tulipanda juu ya lile bomba wote wawili. Ilivyolia, majirani wakachungulia. Tukapiga jeki, tukaweka stendi, tukalegeza handbreki, tukachomoa dramu. Ndani viatu vimeisha, silinda inavuja, na vumbi la kijivu kila kona. Dogo akainama, akajaza mashavu apulize.

“Wee! Acha hapo hapo!”

Ni mzee wa nyumba ya pili, fundi mstaafu. Tukamwamkia shikamoo tukiwa tumeganda.

Sasa ngoja niwape stori ya hilo vumbi. Breki ya dramu anasifiwa nayo Mfaransa Louis Renault, mwaka 1902. Ila ya viatu naipenda zaidi. Kule Derbyshire, Uingereza, inasimuliwa kwamba Herbert Frood aliona wakulima wanabana buti kuukuu kwenye magurudumu ya mikokoteni wakiteremka mlima. Akaingia kazini kutafuta kitu bora kuliko buti, na ndiye baba wa kampuni ya Ferodo. Tatizo likawa moto. Breki inageuza mwendo kuwa joto, na pamba inaungua. Mwaka 1908 akahamia kwenye asbestosi, nyuzi za mwamba zisizoshika moto, na dunia nzima ikafuata.

Halafu kuna mama mmoja wa Rochdale, mji wa viwanda huko huko Uingereza. Kazi yake ilikuwa kusokota nyuzi za asbestosi. Alifariki mwaka 1924 akiwa na miaka 33, mapafu yamejaa makovu. Daktari aliyeyachunguza aliandika habari zake mwaka huo huo kwenye jarida la madaktari. Mwajiri hakulipa fidia, na akazikwa kwenye kaburi lisilo na jina. Sasa piga hesabu: Uingereza ilikuja kupiga marufuku asbestosi zote mwaka 1999. Miaka 75! Muda wote huo magari yanauzwa, na mafundi wanapuliza. Na saratani ya vumbi hili haina haraka, inaweza kukaa miaka 20 mpaka 40 ndiyo ijitokeze.

Mzee akasema wao walikuwa wanatumia kompresa. “Tunatoka weupe kama wasaga unga, tunachekana.” Nikamuuliza wenzake wako wapi. Akaangalia dramu.

Basi akatuelekeza. Funga barakoa ya maana, siyo kile kitambaa cha enzi za korona. Watoto waondoke. Lowesha vumbi kwa maji ya sabuni, futa kwa kitambaa kibichi, kitambaa kiende kwenye mfuko na mfuko ufungwe. Usifagie kavu. Viatu vipya vinunue visivyo na asbestosi, na ubadilishe pande zote mbili, la sivyo gari litavuta upande ukikanyaga. Kabla hujafumua, piga picha springi zilivyokaa. Utanishukuru.

Silinda mpya zikaingia, ikabaki kutoa upepo. Tukaanza na gurudumu lililo mbali zaidi na tanki la maji ya breki: mmoja anakanyaga, mwingine anafungua nati ndogo. Kwa taarifa yenu, Beetle za bei ya chini zilikuwa bado zinashikwa kwa waya mpaka 1962, mwaka ambao Beetle ilishinda Safari Rally huku kwetu. Hapo hakuna upepo wa kutoa, unakanyaga na kusali.

Jioni pedali ikawa ngumu. Mzee alikaa kiti cha dereva muda wote akikanyaga, “Fungua! Funga!”, kila baada ya mara tatu anasimama kukohoa, halafu anaendelea.