Nguzo ya Mgeni Katika Malindi

Katika mambo yanayoonyeshwa wasafiri wafikapo Malindi, ni machache yaliyopata sifa kama nguzo ya Vasco da Gama. Imesimama juu ya rasi ya mawe, kusini ya mji wa kale, pana chini na nyembamba juu, imepakwa chokaa, na kileleni pana msalaba mdogo. Msalaba huo ni wa jiwe lililoletwa kutoka Lisbon. Kiwiliwili cha nguzo ni cha matumbawe ya pwani ile ile. Watu huja kutoka nchi za mbali, husimama mbele yake wakapigwa picha, kisha hurudi ufukoni kuoga. Wachache huuliza nguzo ilisimamishwa kwa ruhusa ya nani, na wachache zaidi huuliza mwenye kutoa ruhusa alipata nini.

Malindi haikuanza kujulikana duniani kwa Wareno. Mwaka 1415 wajumbe wake walifika China na twiga, mnyama aliyestaajabiwa sana katika baraza la mfalme wa nchi ile, na miaka michache baadaye merikebu za Zheng He zikawarudisha wajumbe makwao. Karibu na Msikiti wa Ijumaa, si mbali na maji, liko kaburi lenye nguzo ndefu ya mawe, nalo huhesabiwa kuwa la karne ya 15. Hiyo ni nguzo ya wenyeji, kazi ya waashi wa mji. Wasafiri huipita upesi, kwa kuwa haina jina lolote walilolisoma shuleni.

Vasco da Gama alitia nanga Malindi katikati ya mwezi wa Aprili 1498, akitoka Mombasa ambako yeye na wenyeji hawakuaminiana hata kidogo. Mfalme wa Malindi alikuwa na ugomvi wake na Mombasa, na kwa hiyo aliyefukuzwa huko alipata mlango wazi huku. Habari za siku zile ziliandikwa na mmoja wa watu waliokuwamo safarini, na bahati njema ni kwamba alikuwa mtu mwenye macho. Yeye aeleza kuwa mkuu wao alikataa kushuka pwani, ikalazimu wakutane baharini. Mfalme alikuja katika chombo chake amevaa joho lenye bitana ya hariri ya kijani, ameketi chini ya mwavuli mwekundu. Pamoja naye walikuwako wapigaji wa pembe mbili za ndovu, zilizonakshiwa vizuri, zenye kimo cha mtu, zikipulizwa kwa tundu la ubavuni. Msomaji aliyelelewa katika Kiswahili hana haja ya kuambiwa kuwa hizo zilikuwa siwa. Mwandishi yule aliona tarumbeta mbili, asitambue kuwa ameonyeshwa enzi yenyewe.

Katika bandari walikuta pia merikebu za Wahindi. Wareno waliwadhania kuwa Wakristo, kosa la kuchekesha kidogo, lakini lenye faida kwa mwanafunzi wa historia: lamfundisha kuwa shahidi yule yule aliyeona vizuri rangi ya joho aliweza kukosea dini ya watu aliosimama nao uso kwa uso.

Siku zilipita katika michezo na mizinga, lakini rubani aliyeahidiwa hakuonekana. Mtu wa siri wa mfalme alipopanda merikebuni, Vasco da Gama alimzuia, akapeleka neno kuwa hamwachi mpaka rubani aletwe. Rubani aliletwa. Tarehe 24 Aprili waling'oa nanga, na tarehe 20 Mei wakawa mbele ya Calicut katika Bara Hindi. Habari za urafiki wa Malindi na Wareno husimuliwa mara nyingi. Mjumbe aliyewekwa rehani husahauliwa, ilhali yote mawili yamo katika andiko lile lile.

Juu ya rubani huyo kuna kosa lililokwisha kuota mizizi. Husemwa kuwa alikuwa Ahmad ibn Majid, bingwa mashuhuri wa elimu ya bahari kutoka Julfar. Neno hilo latokana na mwandishi wa Makka wa karne ya 16, aliyeandika miaka mingi baada ya safari. Waandishi wa Kireno walimtaja rubani kuwa mtu wa Gujarat, na wataalamu wengi wa siku hizi hawakubali kuwa alikuwa ibn Majid. Jina kubwa lilivutwa likawekwa mahali pa jina lisilojulikana, jambo litokealo kila mara wasimulizi wanapopenda kisa kiwe kizuri kuliko kilivyokuwa.

Marudio yalikuwa ya msiba. Kuvuka bahari kutoka Bara Hindi kulichukua miezi mitatu, na watu 30 walikufa, wengi wao kwa ugonjwa wa kuvimba ufizi. Walipofika Malindi tarehe 7 Januari 1499 mfalme aliwapelekea kondoo, na machungwa ambayo wagonjwa walikuwa wakiyatamani. Hapo ndipo Vasco da Gama alipoomba pembe ya ndovu kwa ajili ya mfalme wake, na idhini ya kusimamisha nguzo iwe alama ya urafiki. Akapewa vyote viwili. Nguzo haikuwekwa rasini kwanza, bali mjini. Kuhamia ilipo sasa ni jambo la baadaye.

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa muda Malindi ilidhani imepona kweli, maana mwaka 1505 Wareno waliipiga Kilwa, wakaichoma Mombasa, na Malindi haikuguswa. Lakini mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu katika Mombasa, wakamhamisha mfalme wa Malindi kwenda kutawala huko chini ya kivuli cha mizinga yao. Adui wa kale alishindwa, na mshindi akapoteza mji wake: biashara ilimfuata mfalme, Malindi ikadhoofu. Sultani Hasan bin Ahmad aligombana na wakuu wa ngome, akakimbilia bara, na mwaka 1614 akauawa kwa hila yao. Kichwa chake kikapelekwa Goa. Mwanawe Yusuf alilelewa huko Goa, akabatizwa, akarudishwa kuwa mfalme. Mwezi wa Agosti 1631 aliingia ngomeni na watu wake, akamwua mkuu wa ngome, akaurudia Uislamu. Mwaka uliofuata aliwashinda Wareno waliokuja kumzingira, kisha akaondoka kwa merikebu. Hapo ukoo uliotoa machungwa na pembe ukakoma kutawala.

Kimya cha Wareno chatisha kuliko maneno yao. Kiasi cha maili kumi kusini ya Malindi, ndani ya msitu, umo mji wa Gedi, wenye msikiti mkuu, jumba la mfalme, visima na nyumba za mawe. Walioufukua tangu mwaka 1948 wakiongozwa na James Kirkman waliokota humo vyombo vya China na shanga za mbali. Wareno walikaa jirani na mji huo zaidi ya miaka themanini, wala katika maandishi yao yanayojulikana hawakuutaja. Gedi uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2024, yaani ulimwengu ulihitaji karne nyingi kuusikia mji ambao mgeni hakuuandika.

Malindi ya leo huishi sana kwa wageni. Mahoteli yalianza katika miaka ya 1930, hifadhi ya bahari ikatengwa mwaka 1968, na Waitalia wengi wamejenga huko. Si haki kumlaumu kijana anayepata chakula cha nyumba yake kwa kuwapeleka watu nguzoni. Linalotakiwa ni utaratibu wa safari tu. Aanze msikitini, kwenye kaburi la karne ya 15, ataje siwa na twiga, aende Gedi, kisha ndipo awapeleke rasini, awaambie habari za kondoo, machungwa na mjumbe aliyezuiwa. Wakisimama hapo chini ya msalaba na upepo wa bahari ukivuma, wawe wamekwisha kulisikia jina la Yusuf bin Hasan.