Halijoto katika Nchi ya Baridi: Saboti na Maneno Yake

Katika Kiswahili sanifu, halijoto ni kiwango cha joto au baridi cha kitu chochote, kipimwacho kwa nyuzi, na kwa maana hiyo hata barafu ina halijoto yake. Joto, kwa upande wake, huhisiwa, ndiyo maana mama wa Kitale husema mwanawe ana joto, wala hasemi ana halijoto. Vitabu vya sayansi vya Tanzania vilipendelea jotoridi, neno lililounganisha joto na kipande cha baridi, ambalo lingeifaa zaidi Saboti, iliyo chini ya Mlima Elgon, kwa kuwa huko kinachosemwa kila asubuhi ni baridi. Hata hivyo, Kenya ilishika halijoto, na zahanatini likatawala temprecha.

Walowezi wa Kizungu walioingia Trans Nzoia, eneo la Kitale na Saboti, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia walipima kwa nyuzi za Farenhaiti, ambazo kwazo mwili wenye afya hukaribia 98. Baada ya uhuru, Kenya ilipohamia vipimo vya metriki, 37 ya Selsiasi ilishika nafasi hiyo, tarakimu ikashuka na mgonjwa akabaki na homa yake. Themometa ya zebaki ilikung'utwa kwanza, ikabanwa kwapani, kisha ikasubiriwa hadi uzi mwembamba wa zebaki utulie. Mtu hushawishika kudhani kuwa nyuzi za joto zilipata jina hapo, lakini pembe nazo hupimwa kwa nyuzi, na pembe hazina zebaki. Nyumbani, kipimo kilikuwa mgongo wa kiganja juu ya paji la uso.

Shambani halijoto ilihesabiwa kwa njia nyingine. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na mji wa Bungoma takriban 1,400, na kwa kuwa hewa hupoa kwa karibu nyuzi 6 za Selsiasi kila mita 1,000 za kupanda, tofauti ya miji hiyo ni kama nyuzi 3, zinazotosha kuchelewesha mahindi. Mbegu chotara ya H611, iliyotolewa Kitale mwaka 1964 kwa kuchanganya mahindi ya huko na ya nyanda za juu za Ekwado, ilikusudiwa ubaridi huo. Mkulima anayenunua mbegu haulizi nyuzi. Huuliza itakaa shambani miezi mingapi, na kadiri shamba lake linavyopanda mlimani, ndivyo jibu linavyosogea kutoka sita kuelekea minane.