Kuongoza Shule za Sekondari kwa Bajeti Finyu: Halmashauri za Mtwara na Msimu wa Korosho

Afisa elimu sekondari katika halmashauri ya Tanzania husimamia huduma ambayo sehemu kubwa ya gharama zake huamuliwa kwingine. Mishahara ya walimu hulipwa na Hazina, walimu wapya hupangwa kutoka Dodoma, na ruzuku ya uendeshaji huingia moja kwa moja kwenye akaunti ya shule. Kinachobaki ndani ya uwezo wa halmashauri ni mapato ya ndani, na katika Mkoa wa Mtwara mapato hayo hufuata korosho. Ndiyo maana ufinyu wa bajeti ya elimu mkoani humo hauelezeki kwa kiasi cha fedha peke yake. Fedha ni chache, lakini pia huja kwa msimu usiolingana na kalenda ya shule, na kanuni za mgawo huziumiza zaidi shule ndogo za pembezoni. Kiongozi anayeshughulikia kiasi tu, akasahau majira na mgawo, hupunguza matumizi mahali pasipostahili.

Hali hii ina historia fupi. Hadi 2009 shule za sekondari za serikali ziliendeshwa na wizara ya elimu, na mwaka huo usimamizi wake wa kila siku ukahamishiwa halmashauri, chini ya TAMISEMI. Halmashauri zilipokea mzigo uliokuwa umeshakua, kwa kuwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, MMES, ulioanza 2004, ulikuwa umezaa shule za kata nchi nzima, nyingi zikianza na madarasa machache yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi. Mkoa uliozoea shule chache za bweni, baadhi zikiwa na asili ya misheni kama Ndanda na Chidya, ukajikuta na shule za kutwa zilizotawanyika vijijini. Kabla shule hizo hazijapata walimu wa kutosha, likaja agizo la kujenga maabara tatu katika kila shule ya kata, ambalo utekelezaji wake ulipamba moto mwaka 2014. Michango ilikusanywa, kuta zikapanda, na mahali pengi kazi ikaishia kwenye maboma.

Waraka wa Elimu Na. 5 wa 2015 ulifuta ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne kuanzia Januari 2016. Serikali ikachukua jukumu la kufidia ada ya shilingi 20,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa kutwa na 70,000 kwa wa bweni, pamoja na ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 25,000 kwa kila mwanafunzi. Katika ruzuku hiyo nusu, yaani shilingi 12,500, ndiyo iliyopangwa kufika shuleni, na nusu nyingine ilibaki ngazi ya taifa kwa ajili ya vitabu. Kupeleka fedha moja kwa moja shuleni kulikuwa hatua njema, kwa sababu kuliondoa mianya ya fedha za shule kuchelewa au kubadilishiwa matumizi zikiwa kwenye akaunti za halmashauri. Lakini kulileta tatizo ambalo halizungumzwi sana.

Tatizo lenyewe liko kwenye hesabu ya kichwa kwa kichwa. Shule ya mjini Mtwara yenye wanafunzi 800 hupata ruzuku ya shilingi milioni 10 kwa mwaka. Shule ya kata iliyo kando ya mto Ruvuma yenye wanafunzi 150 hupata shilingi 1,875,000, yaani 156,250 kwa mwezi. Zote mbili zina mlinzi, zote hulipa umeme, zote huchapa mitihani, na mkuu wa shule ya pembezoni hutumia nauli kubwa zaidi kufuata huduma za benki na za ofisi. Fidia ya ada nayo hufuata idadi ileile ya vichwa, kwa hiyo haiponyi pengo. Shule ndogo si ndogo kwa uzembe. Ni ndogo kwa sababu vijiji vya ukanda wa Mahurunga, Kitaya na Msimbati vimetengana, na mtoto hawezi kutembea kilomita 15 kila siku. Kwa kuwa afisa elimu hana mamlaka ya kuhamisha ruzuku ya shule moja kwenda nyingine, chombo pekee cha kusawazisha ni mapato ya ndani. Kuyagawa sawasawa kwa shule zote, kama inavyopendeza kwenye vikao, ni kuendeleza dhuluma ya kanuni kwa fedha ambazo zingeweza kuirekebisha.

Mapato hayo nayo hayatabiriki. Ushuru wa mazao kwa mazao ya biashara ulipunguzwa mwaka 2017 kutoka asilimia 5 hadi 3. Kwa kiwango hicho cha asilimia 3, kila tani 1,000 za korosho zinazouzwa kwa shilingi 4,000 kwa kilo huiingizia halmashauri shilingi milioni 120. Bei ikiwa 2,000, tani zilezile huleta milioni 60. Kwa kipimo cha serikali cha shilingi milioni 20 kwa darasa, kilichotumika katika ujenzi wa madarasa 15,000 mwaka 2021, tofauti hiyo ni madarasa matatu, na minada ya korosho imeziona bei zote mbili ndani ya muongo mmoja. Msimu wa 2018/19 ulikuwa mgumu zaidi. Serikali iliwaondoa wanunuzi binafsi, ikatangaza kununua kwa shilingi 3,300 kwa kilo na kulitumia jeshi kusomba mzigo. Malipo ya wakulima yakachelewa, na halmashauri zilizojenga bajeti zao juu ya ushuru huo zikabaki zinasubiri. Bajeti ya elimu inayokisia mapato kwa bei ya msimu uliopita ni bajeti ya kubahatisha, hata ikipitishwa na Baraza la Madiwani kwa kauli moja.

Gesi na saruji zimeleta nafuu, ila kwa wachache. Visima vya Mnazi Bay, mtambo wa kusafisha gesi wa Madimba na kiwanda cha Dangote cha Msijute, kilichoanza uzalishaji 2015, vyote viko Halmashauri ya Wilaya ya Mtwara, na ushuru wa huduma unaotozwa kwenye mauzo huhesabiwa pale kampuni inapofanyia shughuli. Newala, Tandahimba na Nanyumbu hazina mlango huo. Hata kwa halmashauri yenye bahati, fedha haifiki elimu ikiwa nzima: asilimia 10 ya mapato ya ndani hutengwa kisheria kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na sehemu kubwa nyingine lazima iende kwenye miradi ya maendeleo. Kwa lugha ya kila siku, miradi ya maendeleo ni majengo.

Hapo ndipo uongozi hupotoka kirahisi. Darasa huzinduliwa, huwekewa jiwe la msingi na kupigwa picha. Kemikali za maabara hazizinduliwi na mtu. Kila chumba kipya huongeza hitaji la mwalimu, madawati na matengenezo ambayo mfadhili wa jengo hakuyalipia. Mradi wa kuboresha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 500, umepunguza umbali wa watoto kwenda shule, na hilo si jambo dogo, ila umeacha gharama za uendeshaji kwa halmashauri zilezile. Inafaa kila pendekezo la jengo jipya lifike kwenye Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango likiwa na makisio ya gharama za kuliendesha kwa miaka mitano, na liahirishwe likikosa. Kumalizia boma moja la maabara na kuliwekea vifaa kuna faida kubwa kuliko msingi mpya.

Kwa upande wa walimu halmashauri haiajiri, lakini huweza kuwatumia vizuri zaidi ilionao. Mwalimu wa fizikia au hisabati aliyepangiwa shule yenye vipindi vichache anaweza kufundisha shule mbili za jirani kwa ratiba ya siku zilizogawanywa, halmashauri ikagharimia usafiri. Nyumba ya mwalimu nayo hustahili kutangulia darasa la ziada katika kata za mpakani. Kitaya, iliyovamiwa na wapiganaji kutoka upande wa Msumbiji Oktoba 2020, haiwezi kumshika mwalimu mgeni anayelazimika kutafuta chumba cha kupanga kijijini.

Suala la majira linahitaji nidhamu ya aina nyingine. Ushuru wa korosho huingia hasa kati ya Oktoba na Januari. Mapaa hutakiwa kuzibwa kabla ya mvua za Novemba na Desemba, kambi za kitaaluma za kidato cha nne hufanyika kabla ya mtihani wa taifa wa Novemba, na kazi zote hizo huangukia miezi ambayo makusanyo yako chini kabisa. Njia iliyo wazi ni kubakiza sehemu ya makusanyo ya msimu na kuiingiza kama bakaa kwenye bajeti inayoanza Julai. Madiwani huona fedha iliyokaa kuwa fedha iliyolala, hivyo ni juu ya afisa elimu kuwaonyesha bei ya paa lililoezuliwa Aprili. Madawati ya kidato cha kwanza, kinyume chake, yanaweza kulipiwa na minada ya kwanza bila bakaa yoyote.

Wazazi nao wana msimu. Waraka Na. 3 wa 2016 uliwaachia sare, madaftari na chakula cha wanafunzi wa kutwa. Kikao cha chakula cha mchana kinachoitwa Machi, wakati fedha za korosho zimekwisha na mazao ya chakula hayajaiva, huzaa ahadi zisizolipika na wanafunzi wanaoshinda njaa. Kikiitwa Novemba, mzazi yuleyule huwa na uwezo wa kutoa unga au fedha ya mwaka mzima, kwa hiari na bila mtoto kurudishwa nyumbani.

Mtihani mkubwa wa mipango hii una tarehe. Chini ya mitaala mipya iliyoanza 2024, wanafunzi wa darasa la sita na wa darasa la saba watamaliza elimu ya msingi pamoja mwaka 2027, na mikondo yote miwili itaingia sekondari Januari 2028. Korosho za msimu wa 2026/27 ndizo za mwisho kuuzwa kabla ya bajeti ya mwaka wa fedha wa 2027/28 kupitishwa.