Mama wa upasuaji anavyoweza kujiandaa kunyonyesha mapema

KINA MAMA wengi waliopangiwa kujifungua kwa njia ya upasuaji huingia hospitalini wakiwa wamejiandaa kwa kisu tu. Tarehe wanaijua, gharama wanaijua, na wamekwisha kupanga ni nani atakayewatunza watoto waliobaki nyumbani. Jambo ambalo aghalabu husahaulika ni namna mtoto atakavyonyonya katika saa na siku za kwanza, wakati mama angali na ganzi miguuni, dripu mkononi na mshono tumboni.

Kusahau huko kuna hasara yake. Mtoto anapokawia kuwekwa kwenye titi, hupewa maziwa ya kopo au maji ya glukosi. Akishiba hayo hulala, titi likakosa kunyonywa, na titi lisiponyonywa halitengenezi maziwa ya kutosha. Ifikapo siku ya nne, jamaa huanza kunong'ona kwamba mama aliyepasuliwa hana maziwa. Katika nyumba ambayo maji safi ni ya kununua na mkebe wa maziwa ya kopo ni mzigo kwa mfuko, mnong'ono huo waweza kumletea mtoto maradhi ya kuhara na utapiamlo.

Shirika la Afya Duniani (WHO) na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto (UNICEF) hupendekeza mtoto aanze kunyonya katika saa ya kwanza baada ya kuzaliwa, anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, kisha aendelee kunyonya pamoja na vyakula vingine hadi atimize miaka 2 au zaidi. Pendekezo hilo halimbagui mama aliyejifungua kwa upasuaji.

Kenya imepiga hatua katika suala hili. Takwimu za kitaifa zilionyesha kuwa watoto wa chini ya miezi 6 walionyonyeshwa maziwa ya mama pekee walikuwa asilimia 13 mwaka 2003, asilimia 32 mwaka 2008-09, na asilimia 61 mwaka 2014. Mwaka 2022 kiwango hicho kilikuwa asilimia 60.

Upasuaji na utoaji wa maziwa

Maziwa hayatoki kwa sababu mtoto amepitia njia ya kawaida. Hutoka kwa sababu kondo la nyuma limeondoka. Kondo hilo likishatolewa, homoni ya projesteroni hushuka ghafla mwilini, na ile ya prolaktini hupata nafasi ya kuyaamrisha matiti kutengeneza maziwa. Mtoto anaponyonya, homoni nyingine iitwayo oksitosini huyasukuma maziwa nje na wakati uo huo huukaza mji wa mimba, hivyo kupunguza uvujaji wa damu. Hayo yote hutendeka hata kwa mama aliyepasuliwa.

Hata hivyo, tofauti zipo. Mama aliyepangiwa upasuaji mara nyingi hupasuliwa kabla ya uchungu kuanza, kwa hivyo mwili wake hukosa baadhi ya matayarisho yaletwayo na uchungu. Maumivu ya kidonda humzuia kugeuka na kumpakata mtoto. Maji mengi ya dripu huweza kuyavimbisha matiti na kuifanya sehemu nyeusi inayoizunguka chuchu kuwa ngumu, hata mtoto akashindwa kuikamata. Kutokana na hayo, maziwa mengi ambayo kwa kawaida hujaa kati ya siku ya 2 na ya 5 huweza kuchelewa kidogo.

Kuchelewa si kukosa. Katika siku hizo za mwanzo, matiti huwa tayari yana dang'a, yaani yale maziwa mazito ya manjano ambayo baadhi ya jamii huyaona kuwa machafu na kuyakamua ili yamwagwe. Dang'a ina kingamwili nyingi zinazomkinga mtoto dhidi ya maambukizi. Ni kidogo, lakini tumbo la mtoto wa siku moja nalo ni dogo. Kijiko kimoja cha chai kwa mara moja humtosha. Haba na haba hujaza kibaba.

Maandalizi kabla ya siku yenyewe

Matayarisho yafaa kuanza kliniki, wiki kadhaa kabla ya tarehe ya upasuaji. Swali la kwanza ni tarehe yenyewe. Iwapo hakuna sababu ya kimatibabu ya kuharakisha, madaktari hupendelea kungoja hadi wiki ya 39. Mtoto anayetolewa mapema kuliko hapo yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata matatizo ya kupumua, na mtoto wa namna hiyo hutengwa na mamake ili atunzwe.

La pili ni aina ya ganzi. Wengi hudungwa ganzi ya uti wa mgongo, ambayo hufisha sehemu ya chini ya mwili na kumwacha mama akiwa macho. Mama wa aina hii anaweza kumpokea mwanawe mapema. Anayelazwa kabisa kwa nusukaputi naye anaweza kunyonyesha punde anapozinduka vyema na kuweza kumshika mtoto. Hahitaji kukamua na kumwaga maziwa kwa kuhofia dawa hizo.

La tatu ni kueleza nia yake mapema. Mama na mumewe wanafaa kumwambia daktari na wakunga kwamba wangependa mtoto awekwe kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, na kwamba asipewe kitu kingine ila kwa sababu ya kimatibabu watakayoelezwa. Ni vyema ombi hilo liandikwe kwenye faili, kwani wauguzi hubadilishana zamu.

La nne ni dawa. Mama anayetumia dawa za kisukari, shinikizo la damu, kifafa au maradhi mengine amuulize daktari iwapo zinaafikiana na kunyonyesha. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi anaweza kunyonyesha maadamu anameza dawa zake bila kukosa na mtoto anapewa dawa za kinga. Mpango huo sharti upangwe na kliniki yake kabla ya upasuaji.

Kukamua dang'a kabla ya kujifungua

Baadhi ya wakunga huwafundisha kina mama kukamua dang'a kwa mkono kuanzia wiki ya 36 au 37 na kuihifadhi kwenye sirinji ndogo safi ndani ya friza. Utafiti uliofanywa Australia miongoni mwa wajawazito wenye kisukari ambao hawakuwa na matatizo mengine, na kuchapishwa katika jarida la The Lancet mwaka 2017, haukupata madhara kwa watoto kutokana na zoezi hilo. Ni akiba inayofaa endapo mtoto atashindwa kunyonya mwanzoni.

Hata hivyo, si kila mja mzito anayeruhusiwa. Kukamua huamsha oksitosini, na oksitosini hukaza mji wa mimba. Mwenye kondo lililoziba njia, aliyewahi kutokwa na damu katika ujauzito huo, mwenye mimba ya mapacha, aliyeshonwa mlango wa mji wa mimba, au aliye katika hatari ya kuzaa kabla ya wakati, asijaribu. Wengine wote wapate kwanza idhini ya daktari.

Namna ya kukamua ni rahisi. Mama hunawa mikono kwa sabuni, hukanda titi taratibu, kisha huweka kidole gumba upande wa juu na vidole vingine upande wa chini, umbali wa sentimita 2 hadi 3 kutoka kwenye chuchu. Husukuma kuelekea kifuani, hubana, kisha huachilia, bila kuikwaruza ngozi. Matone yakipungua huhamisha vidole mahali pengine. Hata asiyehifadhi tone lolote hufaidika akijua ufundi huu kabla ya siku ya haja.

Ndani ya chumba cha upasuaji

Watu wengi hawajui kwamba mtoto hutolewa katika dakika za mwanzo za upasuaji, na kwamba muda mwingi unaosalia ni wa kushona. Ikiwa mama na mtoto wako katika hali njema, muda huo unaweza kutumiwa kumlaza mtoto kifuani, juu ya kidonda kilichofunikwa, huku wote wawili wakifunikwa kwa blanketi lenye joto. Mtoto hutulia, joto lake hudumu, na mara nyingi huanza mwenyewe kulitafuta titi.

Tahadhari ni muhimu. Mama aliyedungwa ganzi huweza kusinzia au kutetemeka. Pua na mdomo wa mtoto vionekane wakati wote, na pawepo muuguzi au jamaa wa kumwangalia. Iwapo haiwezekani mtoto kubaki na mamake mara moja, baba anaweza kumpakata ngozi kwa ngozi hadi mama atakapotoka.

Siku za kwanza wodini

Mama aliyepasuliwa hahitaji kuketi wima ili anyonyeshe. Anaweza kulala kwa ubavu, mtoto akiwa ameelekezwa kwake tumbo kwa tumbo. Anaweza pia kumshika mtoto kando yake chini ya kwapa, miguu ikielekea mgongoni mwa mama, ili uzito wake usikiguse kidonda. Mto au leso iliyokunjwa ikiwekwa juu ya tumbo hukinga mshono dhidi ya mateke. Mdomo wa mtoto ufunguke wazi na ukamate sehemu kubwa ya ile nyeusi, wala si ncha ya chuchu peke yake. Palipovimba kwa maji ya dripu, mama abonyeze taratibu kwa vidole kuizunguka chuchu kwa dakika moja hivi ili palainike.

Maumivu yasivumiliwe kwa ushujaa, kwa sababu huzuia oksitosini na kumfanya mama aogope kumshika mwanawe. Dawa kama vile paracetamol na ibuprofen hutumiwa na wanaonyonyesha, na hufanya kazi vyema zinapomezwa kwa saa zilizopangwa. Codeine na tramadol ni tofauti. Mwaka 2017 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya wanaonyonyesha dhidi ya dawa hizo mbili kwa kuwa zinaweza kumletea mtoto usingizi mzito na shida ya kupumua.

Mtoto anyonye mara 8 hadi 12 kwa saa 24, mchana na usiku. Kama amelazwa katika wodi nyingine, mama aanze kukamua katika saa za kwanza, na aendelee angalau mara 8 kwa siku. Maziwa hayo hupewa mtoto kwa kikombe kidogo, sirinji au mpira wa kulishia. Hospitali ya kina mama ya Pumwani, Nairobi, ilifungua benki ya kwanza ya maziwa ya mama nchini mwaka 2019 kwa ajili ya watoto wachanga walio wagonjwa au waliozaliwa kabla ya wakati ambao mama zao hawawezi kuwapa maziwa.

Ushauri wa jamaa

Mama mkwe, shangazi na majirani huja na mapenzi na pia na mawaidha. Uji wa pilipili manga unaopendwa Pwani humpasha mama joto na kumwongezea maji mwilini, lakini linaloongeza maziwa hasa ni kunyonya. Kukandwa tumbo kwa maji moto, desturi ya siku arubaini, hakumfai mwenye mshono mbichi. Mtoto naye asipewe maji ya sukari wala dawa za kienyeji, na asionjeshwe asali kabla ya kutimiza mwaka mmoja kwa kuwa huweza kuwa na viini vinavyoleta sumu ya kupoozesha.

Jamaa wanaotaka kusaidia wana kazi tele: kumwinua mtoto kitandani na kumkabidhi mama, kumbadilisha nepi, kupika, kufua, na kupunguza wageni.

Dalili za kuangaliwa

Mtoto anayeshiba hulowesha nepi zaidi kila siku, hadi angalau 6 kwa siku kufikia siku ya 5 au ya 6, na kinyesi chake cheusi hugeuka kuwa cha manjano. Kupungua uzito kidogo ni kawaida, ila upungufu unaofikia asilimia 10 wahitaji uchunguzi. Mtoto anayelala mno hadi kukataa kunyonya, asiyekojoa, mwenye homa, au ambaye ngozi na macho yake yamekuwa ya manjano, arudishwe hospitalini bila kukawia. Na ikiwa daktari ataamua kuwa anahitaji nyongeza kwa muda, mama asijione ameshindwa. La muhimu ni aendelee kukamua kila mtoto anapolishwa, ili matiti yasilale.

Kwa upande wake, mama amwone daktari akipata homa, kidonda kikitoa usaha, damu ikitoka kwa wingi, mguu mmoja ukivimba na kuuma, au titi likiwa jekundu na lenye maumivu.

Sheria nayo iko upande wa mama. Sheria ya Ajira ya 2007 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi ya miezi 3 yenye mshahara kamili. Sheria ya mwaka 2012 hudhibiti uuzaji wa maziwa ya kopo na kuyapiga marufuku matangazo yake. Nayo Sheria ya Afya ya 2017 huwataka waajiri kutenga mahali pa kunyonyeshea na kumpa mama muda wa kunyonyesha au kukamua, usiozidi jumla ya saa moja kwa kila saa 8 za kazi. Mama anayeyajua haya kabla ya kulazwa anaweza kuzungumza na mwajiri wake mapema, akaenda kujifungua akiwa na mpango wa miezi 6 yote.