Wanafunzi Wawili wa Botvinnik

Mikhail Botvinnik alikuwa mhandisi wa umeme mwenye shahada ya udaktari, na mwaka 1948 alitwaa ubingwa wa dunia wa sataranji, Msovieti wa kwanza kufanya hivyo. Alipostaafu mashindano mwaka 1970, alibaki na wanafunzi wa aina mbili: watoto wenye vipaji waliohudhuria shule yake, na kompyuta.

Mwaka 1973 shule hiyo ilimpokea mvulana wa miaka 10 kutoka Baku, Garry Kasparov. Botvinnik hakuwa mwalimu wa kugawa majibu. Mtoto alikuja na michezo aliyoicheza mwenyewe, akaipanga ubaoni mbele ya wenzake na kueleza kwa nini alisogeza kete hii na si ile. Kisha alipewa kazi ya nyumbani, akarudi kwao. Botvinnik aliamini kwamba mchezaji hukua kwa kuichambua michezo yake bila kujionea huruma, na kwamba uchambuzi huo uchapishwe ili wengine wapate kuukosoa.

Mwanafunzi wa pili alikuwa mgumu zaidi. Tangu mwaka 1948 Alan Turing na rafiki yake David Champernowne, nchini Uingereza, walikuwa wameandika kanuni za kuiwezesha mashine kucheza sataranji. Kila kete ilipewa thamani: kitunda 1, farasi 3, ngome 5, malkia 10. Kompyuta ya kuzibeba kanuni hizo haikuwapo, kwa hiyo mwaka 1952 Turing alijigeuza mashine. Alikaa na karatasi zake mbele ya Alick Glennie, akapiga hesabu kwa mkono kwa takriban nusu saa kila zamu yake ilipofika, akatii kila kilichotoka. "Mashine" ilishindwa katika hatua ya 29.

Nchini Marekani, Claude Shannon alichapisha makala mwaka 1950 akionyesha njia mbili. Ya kwanza ni kupitia kila hatua inayowezekana hadi kina fulani. Ya pili ni kuchagua hatua chache zenye maana na kuzifuata mbali, kama afanyavyo binadamu. Njia ya kwanza ilionekana haina mwisho. Mwanzoni mwa mchezo kila upande una hatua 20 za kuchagua, kwa hiyo wote wawili wakishacheza mara moja tu, tayari kuna njia 400. Shannon alikadiria kwamba michezo inayowezekana ni 1 ikifuatwa na sifuri 120.

Botvinnik alichagua njia ya pili. Kwa miaka mingi alihangaika na programu aliyoiita Pioneer, akitaka kuifunza ifikiri kama bingwa: itambue lengo, itafute njia ya kulifikia, iache mengine. Alikuwa na kila sifa ya kufanikiwa, maana alijua uhandisi na alijua bingwa anavyofikiri. Hata hivyo, Pioneer haikuwahi kuwa mchezaji wa kushindana. Ilidhihirika kwamba bingwa hawezi kueleza yote anayoyajua. Jicho lake huona hatua tatu na kuzipuuza thelathini, lakini ukimwuliza alizipuuzaje, hana kanuni ya kukupa.

Waliofanikiwa ni wale waliokubali kuhesabu tu. Mwezi Mei 1997, jijini New York, Deep Blue ya kampuni ya IBM ilimshinda Kasparov, akiwa bingwa wa dunia, kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5. Ilikuwa na uwezo wa kupima mikao milioni 200 kwa sekunde. Botvinnik alikuwa amefariki mwaka 1995, kwa hiyo hakuushuhudia ushindi wa njia aliyoikataa dhidi ya mwanafunzi aliyemlea.

Ila kompyuta ilikuwa imeshaingia katika sataranji kwa mlango mwingine, tena kwa msaada wa Kasparov huyohuyo. Mwaka 1985 alikabili kwa wakati mmoja wachezaji wanane wa timu ya Hamburg, akashindwa kwa pointi 3.5 dhidi ya 4.5. Aliporudiana nao mwaka 1987, alijiandaa kwa programu changa ya Kijerumani, ChessBase, iliyohifadhi michezo na kuitafuta kwa haraka. Alikagua jinsi kila mpinzani anavyocheza, akashinda 7 kwa 1. Programu hiyo haikumchezea hata kete moja. Ilimpa kumbukumbu, na maana ya kumbukumbu hizo aliitafuta mwenyewe.

Mwaka 1998, mjini León, Hispania, Kasparov alijaribu jambo jingine: yeye na Veselin Topalov walicheza kila mmoja akiwa na kompyuta pembeni. Mwezi mmoja kabla alikuwa amemlaza Topalov 4 kwa 0 katika michezo ya haraka. Safari hii walitoka sare, 3 kwa 3. Mashine ilikuwa imefuta pengo la uwezo wa kukokotoa hatua, na faida ya Kasparov ikayeyuka.

Mwezi Desemba 2017 kampuni ya DeepMind ilitangaza matokeo ya AlphaZero. Programu hii ilipewa sheria za mchezo tu, ikacheza dhidi ya nafsi yake kwa saa chache, kisha katika michezo 100 dhidi ya Stockfish ikashinda 28, ikatoa sare 72, haikupoteza hata mmoja. Haikuwa na mwalimu. Haikusoma mchezo wa binadamu yeyote. Lakini binadamu waliisoma: wakubwa wa sataranji, Magnus Carlsen miongoni mwao, walianza kukisukuma mbele kitunda cha pembeni kabisa kwa ujasiri ambao zamani ungekemewa.

Leo Stockfish inapatikana bure, na kwenye simu ya kawaida ina nguvu kuliko bingwa yeyote aliye hai. Neno sataranji lilitufikia kupitia Waarabu, waliolipata kwa Waajemi, nao kutoka India. Kila hatua ya safari hiyo ilihitaji mtu wa kukaa na mtu mwingine ubaoni. Sasa kijana wa Kampala au Mombasa hahitaji kuzaliwa karibu na Moscow ili apate mchambuzi wa daraja la juu, na hilo ni jambo kubwa.

Ugumu uko mahali pengine. Ukiiuliza programu kuhusu hatua yako ya 18, itakujibu kwa namba na mfululizo wa hatua bora. Jibu ni sahihi, na baada ya wiki moja umelisahau. Ndiyo maana makocha wengi bado huwaambia wanafunzi wauchambue mchezo kwanza kwa kalamu, programu ikiwa imezimwa, ndipo waiwashe na kulinganisha. Hiyo ni kazi ya nyumbani ya Botvinnik. Programu inajua hatua ya 18 ilikuwa mbovu. Haijui ulikuwa unaogopa nini ulipoicheza, na hofu hiyo utakwenda nayo kwenye mchezo ujao.