Dansi na Ndondi

Tarehe 15 Oktoba, 1951, televisheni ya CBS ya Marekani ilianza kuonyesha mchezo wa kuchekesha uitwao I Love Lucy. Siku hiyo wake wawili walitaka dansi. Waume wao walitaka ndondi. Wake wakatishia kwenda dansini na wanaume wengine. Waume nao wakatafutiwa wanawake, wasijue kwamba waliokuja ni wake zao waliojigeuza sura. Lucille Ball na Desi Arnaz, walioigiza mke na mume, walikuwa wameoana kweli, na mchezo huo waliutaka ili safari za bendi ya Arnaz zisiwatenge. Hata hivyo, mwaka 1960 walitalikiana. Ugomvi wa mchezoni huisha kwa nusu saa. Wa nyumbani hauna mtunzi wa kuumaliza.