Mombo, stesheni ya waliolikimbia jua

Miaka 120 imeshapita tangu reli iliyoanzia Tanga ifike Mombo mwaka 1905. Tumezoea kuambiwa ilijengwa kwa ajili ya mkonge na kahawa, na ni kweli. Lakini ilishusha pia Wajerumani waliokuja kutibu akili zao. Waliamini kiangazi cha tambarare humharibu Mzungu ubongo: usingizi hupotea, kumbukumbu hufifia, hasira hupanda. Ugonjwa huo waliuita nyurasthenia ya tropiki, na tiba yake ilikuwa kupanda mlima hadi Wilhelmstal, Lushoto ya leo.

Madaktari walibishana sana kuhusu chanzo chake. Wengine walilaumu joto. Mwaka huohuo wa 1905, daktari wa jeshi la Marekani, Charles Woodruff, alichapisha kitabu akidai kuwa adui ni mwanga wenyewe, unaopenya ngozi nyeupe na kuchosha neva. Hofu ya jua ilikuwa imeenea katika makoloni mengi, hata Wazungu wakivaa vitambaa vinene mgongoni kukinga uti wa mgongo, katika joto lilelile walilolilalamikia!

Wakati huo Msambaa, mwenyeji wa milima hiyo, alilazimishwa kubeba kadi ya kazi, amtumikie mlowezi siku 30 katika kila miezi minne, liwake jua au inyeshe masika. Neva zake hazikuwamo katika mjadala. Heri wamisionari wa Lutindi, milimani hukohuko: makao waliyoyafungua mwaka 1896 kwa watoto waliookolewa utumwani waliyageuza mwaka 1904 kuwa hospitali ya wagonjwa wa akili, na inatibu hadi leo.

Nadharia ya Woodruff ilikufa. Mwaka 1984 Norman Rosenthal na wenzake, huko Marekani, walieleza sonona inayorudi kila majira ya baridi, mwanga unapopungua. Mwaka 2002 watafiti wa Australia walipima damu itokayo kwenye ubongo wa wanaume 101 wakakuta serotonini, kemikali inayohusika na hali ya moyo, huzalishwa kidogo zaidi wakati wa baridi na huongezeka siku za jua kali. Jua lile lililokimbiwa!

Vipimo hivyo ni vya nchi za mbali. Mombo, urefu wa mchana hubadilika kwa takriban nusu saa tu mwaka mzima. Kinachobadilika ni joto, mvua, ukungu wa milimani na akiba ya chakula ghalani. Wizara ya Afya na vyuo vikuu vyetu vipime majira haya yanavyogusa akili za watu wetu, na vianzie Lutindi.